Ukaguzi Maalum wa Jumba la Samaki

Umma unaarifiwa, na asiyetaka kuarifiwa ni shauri lake, kwamba kuanzia leo hakuna chuma kitakachosimama kwenye ufuo wa Kisumu bila kwanza kukaguliwa kwa namna ya kipekee.

Maneno haya aliyatamka Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Majengo Bora ya Ufuoni, Bwana Tobias Ogola, Jumatatu asubuhi, akiwa amesimama juu ya kreti mbili za soda. Mimi ndiye niliyezishika kreti zisiyumbe. Jina langu ni Hezron Wechuli, Katibu Mwandamizi wa Itifaki, Kumbukumbu na Makofi. Nimeitumikia Mamlaka miaka kumi na mmoja, na katika muda huo wote hakuna hotuba iliyokosa makofi hata mara moja, ukiondoa ile ya msiba.

Nyuma ya Mkurugenzi lilisimama Jumba la Samaki. Lilikuwa jengo la kupendeza: nguzo za chuma, mihimili ya chuma, ghorofa moja ya zege iliyolala juu ya mihimili hiyo, na paa la mabati lililong'aa hadi ndege wakalikwepa. Chini wangekaa akina mama wauza samaki, yaani omena, mbuta na ngege, pamoja na wakaangaji na majiko yao. Juu zingekaa ofisi za Mamlaka, ili tuwaone vizuri wale tunaowahudumia.

Ukaguzi haukuwa wazo letu. Wafadhili wa jengo, watu wasiojua desturi zetu, walikuwa wameandika kwenye mkataba kwamba kabla watu hawajaingia, lazima mkaguzi maalum asiye mwajiriwa wa Mamlaka atazame viungo vya chuma, mishono ya kuchomelea, na rangi ya kinga ya moto. Mkurugenzi alilisoma sharti hilo mara tatu. Kisha akalitangaza kama lake.

Kila kitu kilipangwa kitaalamu. Ukaguzi ungefanyika Jumatano na ufunguzi Ijumaa. Fulana zenye maandishi JUMBA LIMEPITA zilichapishwa wiki mbili kabla, kwa sababu sisi ni taasisi inayoamini katika maandalizi.

Ratiba ya Jumatano niliiandika mwenyewe. Saa tatu kamili, Mkaguzi kuwasili. Saa tatu na dakika kumi, Mkaguzi kutazama. Saa tatu na robo, Mkaguzi kuridhika. Saa tatu na nusu hadi saa saba, chai.

Barua ya wafadhili ilimtaja mkaguzi kama J. Adongo. Kwa hiyo pikipiki ilipofika na kumshusha mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye ovaroli ya bluu na mkoba wa turubai, Mkurugenzi alimpita akaenda kumpa mkono mwenye pikipiki, akamkaribisha kwa hotuba ya dakika tano kuhusu udugu wa wataalamu. Mwenye pikipiki alishukuru sana na kusema yeye ni wa bodaboda za Kondele tu.

"Mkaguzi ni mimi," mwanamke akasema. "Jacinta Adongo. Ngazi iko wapi?"

Tukatazamana. Tulikuwa na hema, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, maandazi, kitabu cha wageni na kipaza sauti kisicho na waya. Ngazi haikuwa kwenye ratiba.

"Madam," nikamweleza kwa upole, "ukaguzi umeandaliwa ufanyike kwa kuketi. Ukiwa kwenye kile kiti cha mbele unaona jengo lote."

"Naona ukuta na rangi. Nimekuja kuona mshono."

Akaenda nyuma ya jengo, akaikuta ngazi ya mafundi, akaibeba begani mwenyewe na kuiegemeza kwenye nguzo ya kwanza. Kutoka mkobani alitoa tochi, kipimo kidogo cha chuma na nyundo ya ukubwa wa kijiko cha kupakulia. Akapanda. Akagonga kiungo cha kwanza pale mhimili ulipokutana na nguzo. Ngaa! Akaandika kwenye daftari. Akahama, akagonga cha pili. Ngaa! Akaandika.

Cha tatu kilisema pu.

Mimi si mhandisi, lakini nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba chuma hakipaswi kusema pu.

Jacinta akakwangua kwa bisibisi. Kibanzi cha kijivu kikabanduka, kikaelea hewani, kikatua kwenye kikombe cha chai cha Mkurugenzi.

"Hii ni puti," akasema kutoka juu. "Ile ya kuziba gari ikibonyea. Nani amechomelea hapa?"

Aliyejibu ni mkandarasi, Bwana Ooko, mtu mnene mwenye tabasamu la kudumu, ambaye kampuni yake ilipata kazi hii kwa ushindani mkali kati yake na mke wa Mkurugenzi, ambaye ni dada yake.

"Hiyo ni urembo tu, Madam," akasema. "Mshono iko ndani. Imelala."

"Imelala ama imekufa?"

"Ukiiamsha kwa nyundo hivyo, hata wewe ungekasirika."

Jacinta hakucheka. Aliendelea kukwangua hadi puti yote ikatoka, na ndani yake tukaona vyuma viwili vilivyosimama karibu karibu kama majirani wasiosalimiana. Vilikuwa vimeshikwa na nukta mbili za mshono, moja kila ncha, zenye ukubwa wa punje ya mahindi. Akachora alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu, akahamisha ngazi.

Hadi saa sita alikuwa amegonga viungo vyote alivyoweza kuvifikia, na alama nyekundu zilikuwa saba. Chai ilikuwa imepoa. Maandazi nilikuwa nimeyakagua mimi.

Kisha akageukia rangi. Alitueleza polepole, kama mwalimu mwenye wanafunzi wengi, kwamba chuma hakiungui lakini kikipata joto kali kinalegea kama muhogo uliochemshwa, na ghorofa iliyo juu inashuka kuangalia kuna nini. Ndiyo maana chuma cha jengo lenye majiko hupakwa rangi maalum. Moto ukija, rangi hiyo huvimba kama andazi kwenye mafuta, ikafunika chuma kama blanketi, na watu wakapata muda wa kutoka.

Akamwomba Ooko amletee kipande cha chuma kilichopakwa rangi ileile. Akawasha kichomeo chake kidogo cha gesi na kukielekeza hapo. Sote tukasogea kutazama. Rangi ilitakiwa ivimbe. Haikuvimba. Ilishika moto, ikatoa moshi mweusi na kunuka kama kandambili iliyoangukia jikoni.

Aliyevimba ni Mkurugenzi.

"Bi Adongo," akasema, "umealikwa kukagua, hukualikwa kuchoma mali ya umma. Twende kwenye hema."

Ndani ya hema kikaundwa mara moja Kikao cha Dharura cha Istilahi. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi, mimi katibu, na Ooko mjumbe asiyependelea upande wowote. Ajenda ilikuwa moja: kutafuta neno ambalo Bi Adongo angeweza kuliandika bila kuumia.

"Andika imara," Mkurugenzi akasema.

"Si imara."

"Imara kiasi."

"Hapana."

Hapo nikatoa mchango ambao hadi leo naamini ulikuwa bora. "Tuseme imara kwa matumaini," nikapendekeza. Mkurugenzi alinitazama kwa macho ya baba aliyepata mtoto wa kwanza.

Jacinta akafunga mkoba wake. "Viungo saba ziko mbaya na rangi si ya kinga ya moto. Hakuna mtu anafaa kukaa chini ya hiyo ghorofa wala juu yake. Mkikata hizo mishono na kuchomelea upya, mkipaka rangi ya haki, nitarudi nigonge tena. Sahihi yangu nitaweka siku hiyo."

"Na Ijumaa?" Mkurugenzi akauliza. "Radio inakuja! Kwaya inakuja! Fulana zimechapishwa!"

"Fulana zitangoja. Nguo haiozi."

Alipoondoka, Mkurugenzi alikitoa kile kibanzi kwenye chai yake kwa kijiko. Kisha akaniambia niandike barua kwa wale waliomteua, nieleze kwamba mkaguzi wao ana tatizo la mtazamo, kwa maana ya kwamba anatazama mno. Na wakati majibu yanasubiriwa, kwa kuwa siku zake zilikwisha kulipiwa, apelekwe Awasi akakague mlingoti wa bendera kwenye ofisi yetu ndogo.

Alhamisi asubuhi nikatumwa kumpelekea Jacinta barua ya kumtuma Awasi. Nilimkuta ufuoni, kwenye kibanda cha Mama Caren Atieno, mwenyekiti wa akina mama wauza omena, mwanamke mrefu mwenye sauti inayofika upande wa pili wa ziwa bila mashua. Jacinta alikuwa anakula ngege na ugali. Mama Caren alinitazama kuanzia viatu.

"Katibu wa makofi," akasema. "Karibu. Leo nani anapigiwa?"

Nikatoa barua. Jacinta akaisoma kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na samaki, akaikunja.

"Mlingoti," akasema.

"Ni mlingoti wa chuma," nikamhakikishia. "Una mshono."

Mama Caren akapiga makofi mawili ya mshangao, yale ya kiganja kwa kiganja. "Aye yawa! Wanafukuza huyu mtoto kwa sababu amesema ukweli? Nyar Bondo, binti wa Bondo, si ungeweka tu sahihi uende nyumbani? Hawa watu watakuharibia kazi."

Jacinta alinawa mikono kabla ya kujibu. Alisema alianza kuchomelea milango na mageti kule Usenge akiwa na miaka kumi na tisa. Siku moja shule moja upande wa Bondo ikamwita achomelee mnara wa tangi la maji. Mwalimu mkuu alikuwa na haraka, wageni wanakuja. Mchana umeme ukapotea. Yeye akaziba kiungo cha mwisho juu juu, akapaka rangi, akajiambia atarudi Jumatatu.

"Tangi ilijazwa Jumamosi," akasema. "Ilianguka kwa jikoni. Mpishi alikuwa ndani, anaitwa Bilha. Walimtoa, lakini mguu moja haikutoka naye. Nilienda kumwona hospitali. Aliniuliza, 'Wewe ndiye ulichomelea?' Nikasema ndio. Akaniambia, 'Basi jifunze.' Hakusema kitu ingine. Hata kutukana hakunitukana. Nikaenda nikajifunza."

Mama Caren akaisogeza kando sahani ya ngege, akaketi karibu naye. Mimi nilihisi kitu kizito kifuani. Nilidhani ni maandazi ya Jumatano.

"Mama," Jacinta akamwambia Mama Caren alipokuwa akichukua mkoba, "kesho wakifungua, msikae chini ya ghorofa. Alama nyekundu ziko saba. Utaziona mwenyewe."

Akapanda gari la kwenda Awasi.

Nilimripotia Mkurugenzi onyo hilo la alama. Mchana kutwa vibarua walizisugua kwa maji, kwa mafuta taa, kwa majivu. Rangi ya Jacinta ilikuwa ya kweli na haikutoka. Ndipo Mkurugenzi, katika wepesi wa fikra uliomfikisha alipo, akaagiza kila alama ifunikwe kwa utepe wa harusi, uliofungwa fundo kubwa la duara lenye umbo la waridi. Kufikia jioni jengo lilikuwa na maua saba ya zambarau, na kila mtu akakubali kwamba limependeza.

Lilibaki suala la sahihi. Kwa waraka wa ndani niliouandaa, Mkurugenzi alijiteua kuwa Mkaguzi Maalum wa Muda. Alikagua jengo kutoka kwenye dirisha la gari lake, akaridhika saa tatu na robo ya Ijumaa asubuhi, sawasawa na ratiba, na akatia sahihi.

Ijumaa ilikuwa na jua la Kisumu, lile linaloshuka chini likakushika bega. Watu walijaa. Radio ililetwa, moja kwa moja hewani. Kwaya iliimba. Akina mama zaidi ya mia mbili walikuja na mabeseni yao ya omena, wakiwa wamevaa fulana za JUMBA LIMEPITA juu ya magauni, wakasimama nje ya jengo kwa mstari ulionyooka vizuri. Nilifurahi. Kisha utepe wa mlangoni ukakatwa, nikaongoza makofi, na hakuna hata mmoja aliyesogea.

"Karibuni, akina mama!" Mkurugenzi akaita kwenye kipaza sauti. "Jumba ni lenu!"

Mama Caren akajitokeza mbele. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Jaduong', mkubwa wetu, tunashukuru. Tulikuwa tunaogopa kidogo. Tuliambiwa kuna viungo saba ziko mbaya, na hatukujua ni gani. Lakini leo nimehesabu maua. Ni saba. Asanteni sana kwa kutuonyesha."

Kicheko kikapita kwenye umati kama upepo kwenye mafunjo. Mkurugenzi akacheka pia, kwa kuwa alikuwa hewani.

"Hayo ni mapambo, Mama! Jengo limekaguliwa. Nimelikagua mimi mwenyewe!"

"Vizuri kabisa," Mama Caren akasema. "Basi si ofisi zenu ziko huko juu? Nyinyi wakubwa mtangulie. Mkae. Mkunywe chai. Sisi tutaona, halafu tutaingia tukiwa na amani."

"Watangulie!" akina mama wakaitikia. Mtangazaji wa radio, kijana mwenye haya nyingi na masikio makubwa, akasogeza kinasa sauti chake karibu na mdomo wa Mkurugenzi na kuuliza kama angependa kutangulia.

Nimeona Mkurugenzi akijibu maswali magumu ya mabunge mawili. Sijawahi kumwona akimeza mate mara nne mfululizo. "Kwa... kwa furaha," akasema.

Tukapanda. Alitangulia yeye, kipaza sauti mkononi, akifuatwa na Ooko, mimi, na maafisa tisa waliokumbuka ghafla kwamba wana miadi lakini mlango ulikuwa umezibwa na kwaya. Nilipokuwa kwenye ngazi niliona kwamba Mkurugenzi anakanyaga kwa ncha za vidole. Ooko alikuwa anatembea akiwa amebana kitambi, kana kwamba uzito ni jambo la nia.

Juu kulikuwa na meza iliyotandikwa karibu na roshani, tukionekana na umati wote. Tukaketi. Kwa usahihi zaidi, tuliweka makalio kwenye viti na uzito tukabaki nao wenyewe. Mkurugenzi akaanza hotuba.

"Wananchi wa Kisumu, jengo hili ni ushahidi wa—"

TWAA!

Sauti ilitoka juu au chini au pembeni, hakuna aliyejua. Kijiko kilitetemeka kwenye sahani. Mkurugenzi akanyamaza. Uso wake ulibadilika rangi kwa namna ambayo ile rangi ya nguzo ilishindwa.

"Ni ushahidi wa," akaendelea kwa sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala, "wa uongozi unao—"

TWAA! TWA-TWAA!

"Inakatika!" Mkurugenzi akapiga yowe. "Mungu wangu, inakatika! Shukeni!"

Aliruka juu ya meza, si kuizunguka. Bado alikuwa ameshika kipaza sauti, na kipaza sauti bado kilikuwa kimewashwa, na spika nne kubwa pale chini pamoja na radio ya mkoa mzima zikapeleka kila neno mahali panapostahili.

"Ooko! Shemeji! Umeniua! Si uliniambia hiyo puti itakaa hata mwaka moja!"

"Nilisema kama hakuna watu juu!" Ooko akajibu, naye akiwa amebanwa kwenye mlango wa ngazi pamoja na maafisa wawili. "Wewe ndiye ulitaka kufungua haraka!"

"Viungo tisa, Ooko! Tisa! Nilikuambia usizibe hata moja kwa puti, ukasema tisa haitajulikana!"

"Na rangi je? Rangi si ni wewe ulisema nyeupe ni nyeupe?"

"Nitolee mguu, Wechuli! Nitolee mguu nipite!"

Hilo la mwisho lilinihusu mimi. Nasikitika kuripoti kwamba sikuutoa. Nilikuwa ninapita mwenyewe.

Tulitoka mlangoni kama magunia yanayoshushwa kwenye lori. Mkurugenzi alikimbia hadi kwenye nyasi, kiatu kimoja, akaanguka kwa magoti kati ya mabeseni ya omena na kugeuka kutazama jengo likiporomoka.

Jengo lilikuwa limesimama palepale. Maua saba yalikuwa yanapepea.

Kisha jengo likasema tena, mbele yetu sote: TWAA!

"Ni mabati," sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa Jacinta Adongo, na mkoba wake begani. Mlingoti wa Awasi ulimchukua dakika nne, akaupitisha, na akapata gari la kurudi.

"Saa sita jua likipiga, mabati inapanuka," akaeleza. "Hakuna nyumba Kisumu haifanyi hivyo. Ya kwangu inafanya hivyo kila mchana."

Mkurugenzi akatazama paa. Akatazama kipaza sauti mkononi mwake. Alipata kidogo kidogo ile sura ya mtu anayekumbuka jambo alilolisema.

"Kwa hiyo hakuna kilichokatika?" akauliza, na spika nne zikauliza pamoja naye.

"Bado," Jacinta akasema.

Mama Caren akamwinamia, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akampa Jacinta. Kisha akamwondolea Mkurugenzi omena mmoja kwenye kola. "Pole, Jaduong'," akasema, na nadhani alimaanisha. "Umefanya vizuri kusema."

Akina mama wakaanza kupiga makofi. Hayakuwa kwenye ratiba wala sikuyaongoza. Yalidumu muda mrefu kuliko yote niliyowahi kuyasimamia, na nilijikuta nimejiunga nayo.

Jumba lilifungwa siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata wafadhili wakaomba ripoti ya ukaguzi, na kwa kuwa ile ya dirisha la gari haikukubalika tena, nikaambiwa ninakili ya radio. Niliiandika neno kwa neno, kwa mashine, pamoja na mayowe. Mkurugenzi, ambaye kwa sasa yuko likizo isiyo na tarehe ya mwisho, aliitwa kuthibitisha kwamba sauti ni yake. Akathibitisha. Mengine yanafanywa na wapelelezi, na mimi nimekwisha kuandika maelezo yangu, kuhusu waraka na kuhusu lile neno langu la matumaini.

Jacinta aliisoma ripoti hiyo akiwa amesimama, penseli mkononi. Alipofika ukurasa wa pili penseli ikasita.

"Tisa?" akasema. "Mimi nilipata saba."

Alimgeukia Ooko, aliyekuwa ameletwa kukata mishono yake na kuichomelea upya mbele ya macho ya mkaguzi, puti kwa puti. Ooko akatazama viatu. Kisha akatuongoza hadi upande wa mashariki wa jengo, mahali ambapo dari ya mbao nzuri ilikuwa imepigiliwa chini ya mihimili kabla mkaguzi hajafika. Akang'oa mbao mbili. Jacinta akapanda ngazi na nyundo yake.

Pu, kikasema cha nane. Cha tisa hakikusema chochote. Kilikuwa puti tupu, bila hata nukta moja ya mshono.

"Hapa juu kunakaa nini?" Jacinta akauliza.

Nikatazama ramani. Mimi ndiye ninayeitunza. "Ofisi ya Mkurugenzi Mkuu," nikasema. "Kiti chake, hasa."

Jacinta akashuka ngazi na kumgeukia Ooko. "Mwenye kiti hicho ni shemeji yako," akasema. "Mume wa dadako. Kwa nini hapa ndio uliweka kidogo kuliko kote?"

Ooko alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila tabasamu, na nadhani alikuwa anajibu kwa dhati kabisa, kama fundi kwa fundi mwenzake.

"Madam," akasema, "nilipiga hesabu ya mzigo. Pale sikutarajia kazi yoyote ifanyike."